Mwana Gunilda

Penye Fort Jesus, Mombasa, ile ngome ambayo wazee wa Mji wa Kale waliiita Gereza kabla Mwingereza hajaigeuza gereza kweli (neno lenyewe tulilichukua kwa Wareno, na kwao ni kanisa), kuna mizinga miwili ya chuma yenye kisa kimoja. Mmoja ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg. Mwingine ulitoka kwenye manowari ya Waingereza, Pegasus. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa. Königsberg ikatokea, ikaipiga pale pale ilipolala. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Baadaye Königsberg nayo ilijificha katika delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 Waingereza wakaimalizia humo humo kwenye mikoko.

Kisa kingeishia hapo lau mizinga ingekubali kuzama na merikebu zake. Wajerumani waliopoa yao, yote 10, wakaiundia magurudumu katika karakana za reli za Dar es Salaam, wakaikokota bara kwa mabega ya mamia ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Waingereza nao waliopoa ya Pegasus, wakaifanyia vivyo hivyo. Basi silaha za meli mbili zilizouana baharini zikaja kutafutana tena nchi kavu, mbali na maji ya chumvi. Leo zinakaa jirani, na watoto wa shule hupanda juu yake kupiga picha.

Kilichonishika si vita vyenyewe. Ni jina. Askari wa Kiingereza waliiita mizinga ya Pegasus “Peggy”. Unaweza kusema walifupisha tu, maana Pegasus ni yule farasi mwenye mabawa wa hadithi za Wayunani, na jina la farasi ni refu kwa mtu aliyemezwa na vumbi na homa. Lakini Peggy kwa Mwingereza si kifupi cha farasi. Ni jina la msichana. Ndivyo wanavyomdekeza mtu aitwaye Margaret, kama sisi tunavyomwita Fatuma Fatu. Farasi dume wa kizushi aliingia vitani akatoka mwanamke, na hakuna aliyeona ajabu.

Nikaanza kuufuata ule mkondo nyuma, mzinga kwa mzinga. Kila nilipofika nilimkuta mwanamke amenitangulia.

Edinburgh, ndani ya ngome iliyo juu ya mwamba, yupo Mons Meg. Meg pia ni Margaret. Alifuliwa mwaka 1449 kwa amri ya mtawala wa Burgundy, Filipo aliyeitwa Mwema, na mwaka 1457 akapelekwa zawadi kwa mfalme wa Uskoti, James II. Ana uzito wa tani 6 hivi, na mdomo wake ni mpana kiasi cha nusu mita. Mtoto mdogo anaingia mzimamzima. Mwaka 1680 walimtia baruti ampigie saluti ndugu wa mfalme, akapasuka, na hajatoa sauti tena. Ng'ambo ya bahari, Ghent, barabarani kabisa karibu na soko, kalala mwenzake mkubwa zaidi, Dulle Griet, yaani Griet mwenda wazimu. Na Griet ni Margriet, Margaret yule yule kwa ndimi za Waflemi. Wajerumani wa mwanzoni mwa karne ya 15 walikuwa na Faule Grete, Grete mvivu. Naye ukimvua kilemba utamkuta Margaret.

Hebu nisimame kidogo kwa Meg, kwa sababu mwili wake unaeleza neno jingine. Mafundi wa wakati ule walikuwa bado hawajaweza kumimina chuma kwa umbo kubwa namna hiyo, basi walipanga pau ndefu za chuma kwa duara, ubavu kwa ubavu, kisha wakazivisha pete za chuma za moto zilizojikaza zilipopoa. Ni kazi ya fundi mapipa, ila mbao zimegeuka chuma. Ndiyo maana hadi leo Mwingereza akitaka kusema mtutu wa bunduki anataja neno lake la pipa. Sisi tulipotazama kitu hicho hicho tuliona mzinga, yaani lile gogo lililochongwa shimo na kutundikwa mtini ili nyuki waingie. Waitaliano waliona mwanzi, na kwenye mwanzi huo ndipo lilipotoka neno lao la mzinga, ambalo Waingereza pia walilichukua. Pipa, gogo, mwanzi. Kila mtu alitaja tundu alilolizoea nyumbani.

Lakini “gun”, neno ambalo Mwingereza analo mdomoni kila siku kuliko hayo mengine, si tundu la namna yoyote. Kulipata kunatutaka tushuke chini zaidi ya Meg, kiasi cha miaka 120.

Mwaka 1330 makarani wa ngome ya Windsor, magharibi ya London, walikuwa wakihesabu silaha za mfalme. Waliandika kwa Kilatini, kama ilivyokuwa ada ya makarani. Kati ya vitu walivyoviorodhesha kulikuwa na mtambo mmoja mkubwa wa kurushia mishale, uta wa kutegwa kwa mashine, na karani akaongeza kwamba mtambo huo unaitwa Domina Gunilda. Domina ni bibi mwenye heshima zake. Mombasa hatuna shida ya kulitafsiri: ni Mwana, kama Mwana Mkisi ambaye masimulizi yanamtaja kuwa malkia wa kale wa mji huu. Mwana Gunilda, basi. Na hakuwa na baruti hata chembe. Alikuwa uta na kamba iliyovutwa.

Jina hilo liliingia Uingereza na watu wa kaskazini, Wadenmark na Wanorwe. Kwao ni Gunnhildr, jina la malkia na mabinti wa wafalme, na limeundwa kwa maneno mawili, gunnr na hildr. La kwanza maana yake vita. La pili maana yake vita. Mzazi alimtazama binti yake mchanga, akaona vita moja haimtoshi. Watunzi wengi wa kamusi za Kiingereza wanakubali kwamba humo ndimo lilimotoka neno “gun”: jina la mwanamke likapewa mtambo wa vita, likakatwa mkia kwa kudekezwa, na baruti ilipofika na mitambo mipya, ile mipya ikarithi jina la bibi yao.

Haikuchukua muda. Mwaka 1339, katika ukumbi wa jiji la London, Guildhall, waliandika kwamba wanavyo vyombo 6 vya shaba ambavyo kwa kawaida huitwa “gonnes”, pamoja na risasi za madini ya risasi na ratili 32 za baruti. Hayo maneno “kwa kawaida huitwa” yananifurahisha. Karani wa Kilatini anajitenga kidogo na neno la mitaani, kama mwandishi wetu wa habari anavyoandika “maarufu kama” kabla ya kutaja jina ambalo kila mtu analijua. Miaka 9 tu baada ya Windsor, neno lilikuwa limeshazoeleka hata karani akashindwa kulikwepa. Kufikia mwaka 1380 hivi, mshairi Chaucer alilitumia bila kuhitaji kulieleza.

Tangu hapo neno hilo limekuwa kama mtoto wa mjini: kila mtaa unamjua kwa sura nyingine. Kwa mwanamaji na mpiga mizinga wa Kiingereza, gun ni mzinga tu. Kuruta aliyeiita hivyo bunduki yake mbele ya sajini alijifunza siku hiyo hiyo kwa jasho. Bunduki ya askari ina jina lake, na jina hilo linatokana na mifuo iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu ili risasi itoke ikijisokota. Kwa mwenye mashamba wa Kiingereza anayewinda ndege, gun ni ile bunduki ya marisau. Na ajabu zaidi, ni mtu pia. Akisema Jumamosi atakuwa na gun nane, anahesabu wageni wake, si silaha. Kwa polisi wa Chicago ni bastola ya kiunoni. Kwa seremala ni kile kifaa cha kupigilia misumari kwa hewa. Sisi hatuna neno moja linalofunika vyote hivyo. Bunduki ni bunduki, bastola ni bastola, mzinga ni mzinga, na gazeti likitaka kuvikusanya husema silaha za moto. Nafikiri tumefaidika. Neno linalobeba kila kitu mwishowe humwachia msikilizaji kazi ya kukisia.

Bunduki nayo haikuota Pwani. Imepita njia yake, na njia hiyo inakwenda Cairo.

Kwa Kiarabu cha zamani bunduq ni tunda dogo gumu la mviringo, aina ya njugu za mtini zinazotoka nchi za baridi, ambazo Waarabu walizipokea pamoja na jina lake kutoka kwa Wayunani. Wayunani waliziita njugu za Ponto, kwa jina la nchi za Bahari Nyeusi. Kutoka kwenye njugu neno likahamia kwenye gololi ya udongo yenye ukubwa huo huo, na gololi hizo zilirushwa kwa uta maalumu kuwindia ndege. Mvulana yeyote wa Pwani aliyewahi kukausha vidonge vya udongo juani kwa ajili ya manati anaujua mchezo huu bila kufundishwa. Baghdad ulikuwa mchezo wa wakubwa: Khalifa al-Nasir, aliyetawala tangu 1180 hadi 1225, aliufanya sehemu ya taratibu za chama cha vijana waungwana, yeye mwenyewe akiwa juu yao. Aliyembebea bwana wake uta huo aliitwa bunduqdar. Mmoja wa hao alimmiliki kijana mtumwa kutoka nyika za kaskazini, na kijana huyo alikuja kuwa Sultani Baybars wa Misri, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277. Jina la bwana wake wa kwanza halikumwacha: Baybars al-Bunduqdari. Kwa hiyo bunduki ilikuwa katika jina la sultani wa Cairo kabla ya bunduki kuwapo.

Wengine hupenda kusema kwamba bunduki ni “ya Venice”, kwa sababu Waarabu huuita mji huo al-Bunduqiyya. Ni kisa kizuri, na kimesimuliwa zamani. Mwandishi wa Misri Ibn Zunbul, aliyeeleza jinsi Waturuki walivyoiteka nchi yake mwaka 1517, naye anauhusisha mtambo huo na Venice. Mimi nabaki na njugu. Ushahidi wangu ni Kiswahili chenyewe. Wamisri wa mwisho wa karne ya 15 waliiita silaha mpya bunduq rasas, gololi za risasi, kuzitofautisha na zile za udongo. Rasas ni yale madini mazito ya kijivu. Maneno hayo mawili yalipofika kwetu tuliyagawana kazi: bunduq likawa chombo, rasas likawa kinachotoka ndani yake. Bunduki na risasi, maneno tunayoyataja pamoja kama kisu na ala, huko Cairo yalikuwa jina moja la kitu kimoja.

Katika kitabu cha Ibn Zunbul yumo amiri wa Kimamluki aitwaye Kurtbay, aliyetekwa na kufikishwa mbele ya Sultani Selim. Amiri huyu ana uchungu wa mpanda farasi aliyeshindwa na kitu kisichohitaji ushujaa. Anamwambia mshindi wake kwamba hicho chombo ni hila, na kwamba hata mwanamke akikishika anaweza kuzuia wanaume kadhaa wa kadhaa. Kwake hilo lilikuwa tusi la mwisho. Nilipolisoma nikamkumbuka Mwana Gunilda kule Windsor, na Meg, na Grete mvivu. Kaskazini mwanamke alikuwa ndiye silaha. Cairo mwanamke alikuwa ndiye mfano wa mtu asiyestahili kuishika. Kote kuwili waliozungumza walikuwa wanaume.

Pwani bunduki zilikuja na kila aliyekuja: Mreno aliyetokea mwaka 1498 na mizinga yake, Mturuki Mir Ali Bey ambaye Wareno walimkamata hapa Mombasa mwaka 1589, kisha Mwomani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado imezihifadhi kama mtu aliyefungia vyombo vya marehemu kabatini. Bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Korofindo, iliyoshindiliwa kwa mdomoni. Gobori, ambalo kule bara linaitwa gobole na mafundi wa vijijini hawajaacha kulitengeneza. Gumegume, iliyochochewa na jiwe la kiberiti. Fataki, kile kikofia kidogo cha shaba chenye dawa kilichochukua nafasi ya jiwe. Bombom, bunduki ya kumimina risasi mfululizo, iliyojitaja yenyewe kwa mlio wake.

Biashara ilikuwa kubwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita hapo kila mwaka kwenda bara. Nyingi zilikuwa zimetupwa na majeshi ya Ulaya baada ya kupata mpya. Wakubwa wakashtuka, si kwa huruma tu, bali kwa kuwa wao wenyewe walikuwa njiani kuja kutawala. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini. Ukaacha mlango mmoja: gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Yaani Mwafrika aliruhusiwa kuwa na bunduki, mradi iwe ile inayokataa kuwaka mvua ikinyesha.

Na hapa ndipo njia yetu inapoachana na ya Mwingereza. Yeye alichukua jina la mtu akaipa silaha. Sisi tulikwenda kinyume.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyezaliwa Unguja karibu mwaka 1837 na baadaye kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Mfalme Leopold, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Humo anaeleza jina ambalo dunia nzima inamjua nalo. Anasema alilipata katika nchi ya Chungu, ambako watu waliokimbia walisema bunduki zake zililia tip tip kwa namna isiyostahimilika masikioni. Tippu Tip. Wengine walidai ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa bila kutulia. Yeye alichagua bunduki, na si vigumu kuona kwa nini: mtu akipewa nafasi ya kuchagua kati ya kutisha na kupepesa macho atachagua nini? Nyumba yake ipo Shangani, Mji Mkongwe, na vijana wanaotembeza wageni bado huiga ule mlio mbele ya mlango.

Hakuwa peke yake. Gumegume, ile silaha ya Brussels, leo huisikii kwa wawindaji. Unaisikia kwenye kibaraza na kwenye taarabu za vijembe: mume gumegume, mwanamume asiye na faida, ambaye yupo nyumbani kama jiwe lililokwisha cheche. Hiyo tafsiri ya cheche ni yangu. Sijui mwanamke aliyehitaji kuelezwa. Fataki nayo ilikaa muda mrefu ikiwa ya watoto wa sikukuu, hadi kampeni ya redio ya Tanzania ya mwaka 2008 ikamfanya Fataki kuwa mtu mzima mwenye gari na pesa anayewavizia wasichana wa shule. Jina likashika kuliko kampeni. Abiria kwenye daladala wakimwona mzee amemkalia mwanafunzi karibu mno, mmoja huguna tu: “Fataki huyo.” Hata mzinga haukubaki salama. Nairobi ukiagiza mzinga utaletewa chupa kubwa ya pombe kali.

Kwa hiyo kule Uingereza silaha inabeba jina la mwanamke aliyesahaulika, na ni wanaleksikografia tu wanaomkumbuka. Huku kwetu silaha zenyewe ndizo zilizosahaulika. Majina yake yamebaki juu ya wanaume, na wanaoyatoa mara nyingi ni wanawake.

Nilirudi Fort Jesus jioni moja, jua likishuka nyuma ya mji. Mzinga wa Königsberg hauna jina la kubembeleza. Königsberg ni mlima wa mfalme, na Wajerumani waliuacha na ukubwa wake. Watoto wa shule walikuwa wamejaa juu yake. Kwa Peggy palikuwa na msichana mmoja tu, ameketi kama anayepanda punda, anakula achari za embe kwenye karatasi. Mwalimu alimwita mara mbili. Alimaliza achari kwanza, akafuta mikono yake kwenye chuma, akashuka.